Kihispania cha Zamu ya Usiku

Nimeanza nina miaka hamsini na mmoja,
goti la kulia likinung'unika kila ngazi ya wodi ya wazazi.
Daktari Yaneisi kaletwa Wete kutoka Kyuba;
Kiswahili chake chote "pole" na "sukuma".
Mzazi wa Kiuyu akilia, "Kiuno changu kinakatika!"
nani atamfikishia?
Nikasema: mimi.

Faki, mume wangu, alicheka hadi kofia ikamdondoka.
"Samaki mkunje angali mbichi, Shumbana.
Wewe ushakuwa ng'onda."
Nikamjibu: ng'onda hurowekwa.
Maji kidogo, kila siku.

Basi robo saa baada ya Alfajiri,
kabla ya kuteka moto, kabla ya wajukuu.
Siku niliyojitia ushujaa nikakaa saa tatu Ijumaa
niliamka Jumamosi sina hata neno la kumpa paka.

Nikakata plasta za kliniki, nikabandika jikoni.
Mesa juu ya meza. Azúcar juu ya kopo la sukari.
Na yule *fulano*, asiye jina wala kwao,
nikamjua mara moja: fulani wetu!
Kumbe nusu ya duka nimeshakopa
na sijapata kudaiwa.

Irabu ni zetu, tano zilezile, hazijifichi.
Wao pia hawasemi mtu *ni* njaa; mtu *ana* njaa:
tengo hambre, nina njaa,
tengo miedo, nina hofu,
tengo cincuenta y un años, nina miaka yangu, niacheni.

Vitenzi ndivyo vilivyonitoa jasho.
Nikakumbuka chuoni, tulivyoyumba tukisoma kwa sauti
kabla ya kujua maana, na maana ikaja yenyewe, imechelewa, na adabu zake.
Nikafua sare nikiyumba: *estoy, estás, está*.
Na pale "kuwa" kwao kulipokuwa kuwili,
nikajitungia ubeti, nikaubandika juu ya beseni:

Soy nisemapo asili,
jina, ukoo na mwili;
estoy ni mahali, hali:
leo nipo, kesho sipo.

Sasa kosa. Nitalisema, maana ndilo lililonifunza.
Ile *n* yenye kiwimbi kichwani, kama "nya" yetu,
niliinakili bila kiwimbi.
Saa nane za usiku, tunakunywa chai,
nikamuuliza Daktari kwa heshima zote ana miaka mingapi.
Akashika nguzo ya dripu asianguke.
"Uno, Shumbana. Como todos."
Sifasiri. Watoto wanasoma.
Lakini kiwimbi kile sitakisahau hadi kaburini.
Naye wiki ileile akamhimiza mzazi, "Pumba, mama, pumba!"
badala ya kupumua,
na mama wa watu, katikati ya uchungu, akacheka.
Tukawa sare.

Usiku wa mvua, umeme umekatika,
tochi ya simu meno yangu yameiuma.
Kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, mara mbili.
Daktari kasema neno moja, chini chini,
na mkasi ulikuwa tayari mkononi mwake.
Baadaye, nanawa, ndipo nilipolisikia:
*tijeras*.
Hapakuwa na Kiswahili kilichosimama katikati kutafsiri.
Neno lilipita sikioni likaenda mkononi
bila kubisha hodi kichwani.
Niliacha maji yakimwagika.

Faki hajifunzi. Ameapa.
Ila juzi nilimkuta mbele ya kopo,
midomo inacheza: a-sú-kar.
Nami nisijisifu. Ile *r* ya kutetemesha imenishinda;
jirani Yaneisi anamfuga mbwa, nikimwita kwa lugha yake,
*perro* yangu inatoka *pero*,
na mbwa wa watu ananitazama, mkia umesimama,
anangoja nimalize:
lakini… lakini nini?